Ukarimu Huanzia Jikoni: Tuliyojifunza Migori na Homa Bay



Familia nyingi za pwani yetu zimekula, zimesomesha na zimeozesha kwa fedha zilizotoka hotelini. Ni nyumba gani ya Mombasa, Malindi au Lamu isiyokuwa na mjomba aliyepika, binamu aliyekaa mapokezi, au shangazi aliyetandika vitanda vya wageni? Hata hivyo, tunapokutana barazani huwa tunazungumza juu ya mshahara na msimu wa wageni tu. Namna wafanyakazi wanavyotendeana wao kwa wao, na namna mwenye hoteli anavyowatendea, hubaki nyuma ya mlango wa jikoni. Wiki hii tunaomba idhini yenu tuufungue mlango huo.

Sisi tunaoandika makala haya ni ndugu wawili wa kike, wazaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Mmoja wetu aliolewa Migori, mwingine akamfuata, na kwa miaka saba tuliendesha hoteli ndogo ya chakula kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Isebania, mpakani mwa Tanzania. Wateja wetu walikuwa madereva wa malori ya Musoma na Mwanza, wafanyabiashara wa mpakani, wachimbaji dhahabu wa Macalder, wakulima wa miwa na tumbaku, na familia za Kiislamu zilizotafuta chakula cha halali safarini. Tulipika pilau, chapati, maharagwe ya nazi, nazi zenyewe zikitufikia kwa basi, na samaki wa ziwani. Siku ya Ijumaa tulipika biriani. Wafanyakazi wetu walikuwa 11, na wengi wao walikuwa Wakristo wa Kijaluo na Kikuria.

Tunayoyasimulia hapa hayakuanza na sifa. Yalianza na kosa, na kosa lenyewe lilikuwa letu.

Sinia la gilasi

Ilikuwa Ijumaa ya mwaka wetu wa pili. Watu walikuwa wametoka msikitini, kila meza imejaa, na wengine wamesimama mlangoni wakingoja nafasi. Binti aliyekuwa akiosha vyombo alitoka na sinia lililojaa gilasi. Penye kizingiti cha jikoni palikuwa na maji, kwa kuwa mfereji wa kutolea maji machafu ulikuwa umeziba. Akateleza, na gilasi 12 zikavunjika mara moja.

Tulimkaripia pale pale, mbele ya wageni, kwa sauti ambayo hatungependa mama yetu aisikie. Mwisho wa mwezi tulimkata shilingi 1,800 katika mshahara wake. Alizihesabu fedha zilizobaki mara mbili, akasema asante, akaondoka. Jumatatu hakuja. Katika miezi miwili iliyofuata waliondoka wengine watatu, mmoja wao akiwa mpishi wetu mkuu, mama mtu mzima aliyekuwa nasi tangu siku ya kwanza tulipowasha jiko.

Tulifanya kama wafanyavyo wenye biashara wengi: tukalaumu. Tukasema watu wa siku hizi hawana shukrani. Ndipo mama mkwe wa mmoja wetu, ambaye hakuwahi kufanya kazi ya hoteli maishani mwake, akatuuliza swali moja tu: ni nani aliyeuacha mfereji ule uzibe? Tukakumbuka kwamba binti yule alikuwa ametuambia habari ya mfereji siku mbili kabla, nasi tukamjibu kwamba fundi ataitwa mwisho wa wiki.

Lakini hasara kubwa zaidi tuliigundua baadaye. Tangu siku ile hakuna mtu aliyetuletea tena habari ya kitu kilichoharibika. Bakuli lenye ufa lilifichwa chini ya mengine. Jokofu lilianza kupoteza ubaridi, waliolifungua kila asubuhi wakalijua hilo, na sisi tukalijua nyama ilipokwisha kuoza. Vyombo viliendelea kuvunjika kama kawaida. Zilizokatika ni habari za kuvunjika kwake. Na mwenye hoteli asiyepata habari za jikoni mwake ni kama nahodha aliyefumba macho karibu na mwamba.

Kisa cha Simbi Nyaima

Tulimfuata mpishi wetu mkuu hadi kwake kumwomba radhi. Alikuwa mwenyeji wa upande wa Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, na kabla ya kutujibu alitusimulia kisa ambacho watoto wa huko hukijua tangu utotoni.

Karibu na mji wa Kendu Bay kuna ziwa dogo la maji ya magadi liitwalo Simbi Nyaima, lililokaa ndani ya shimo la volkano, si mbali na Ziwa Victoria. Wazee husimulia kwamba mahali pale palikuwa na kijiji. Usiku mmoja, wakati watu wakiwa katika sherehe, alifika bibi kizee aliyechoka, akaomba chakula na mahali pa kulala. Wakamdharau na kumfukuza. Mwanamke mmoja tu alimpokea. Bibi yule akamwonya aondoke, kisha ikaja mvua, na kijiji kizima kikazama pamoja na watu wake.

Sisi tulidhani anatukumbusha wajibu wa kumkirimu mgeni, jambo tulilojigamba kwamba tunalijua. Yeye akatuambia maana aliyoiona ni nyingine. Binti yule wa gilasi naye alikuwa mgeni. Alitoka kwao, akaja mlangoni petu kutafuta riziki, nasi tukampokea kwa uso mmoja na wateja kwa uso mwingine. Hoteli, alisema, ina wageni wa aina mbili: wanaokuja kula na kuondoka, na wanaokuja kufanya kazi na kukaa. Anayewakirimu wa kwanza na kuwadharau wa pili hajui ukarimu, anajua biashara tu.

Pwani tunasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile tulitambua kwamba hatukuwahi kujiuliza kama wenyeji wetu, yaani wale waliosimama mezani na jikoni kwa niaba yetu, walikuwa wakipona au wakiugua.

Alirudi kazini, Alhamdulillah, lakini kwa masharti. Mengi katika yale tutakayoyaeleza ni yake.

Sahani moja

Sharti lake la kwanza lilihusu chakula. Kabla ya hapo wafanyakazi wetu walikula saa kumi alasiri, wamesimama, ugali na mboga iliyobaki, ilhali mikono yao ilikuwa imenuka pilau tangu asubuhi. Tuliona ni jambo la kawaida, kwa sababu hoteli nyingi hufanya hivyo.

Tukabadilisha. Saa tano ya asubuhi, kabla ya msongamano wa mchana, mlango ulifungwa kwa dakika 20. Wote tuliketi, wenye hoteli na waosha vyombo, tukala kutoka sufuria ile ile atakayopakuliwa mgeni. Kila mmoja aliomba dua kwa njia ya dini yake.

Ndugu wasomaji, hili halikuwa jambo geni kwetu. Tulilisoma madrasa tukiwa wadogo. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu, tuwalishe katika tunachokula, tusiwatwike kazi wasiyoiweza, na tukiwatwika basi tuwasaidie. Tulilihifadhi somo hilo kwa mtihani, tukalisahau kwenye sufuria.

Gharama yake ilikuwa kilo mbili za mchele na kitoweo chake kwa siku. Faida yake ilikuja kwa njia tusizozitarajia. Mhudumu wa mezani alimwambia mpishi, bila ugomvi, kwamba wateja wa jana waliona chumvi imezidi. Mlinzi alieleza kwamba taa ya uani haiwaki. Vipande vya nyama vilivyokuwa vikipotea jikoni vikaacha kupotea. Na mtu aliyekaa chini akashiba hamtazami mgeni kwa jicho la uchovu.

Ijumaa, Jumamosi na Jumapili

Jambo la pili lilikuwa zamu, na hapa Nyanza ya Kusini ilitufundisha somo ambalo Mombasa haikutufundisha. Wasabato ni wengi sana katika eneo lile. Misheni yao ya kwanza nchini Kenya ilianzishwa Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Miongoni mwa watu wetu 11 walikuwamo Wasabato wanne, ambao hawafanyi kazi tangu machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi. Walikuwamo Waislamu wawili mbali na sisi, na waliobaki walikwenda kanisani Jumapili.

Mwanzoni tuliona ni balaa. Kila mwisho wa wiki ulikuwa na ugomvi: huyu anasali, yule anasali, nani atakaanga samaki? Ratiba tuliipanga sisi wenyewe usiku, na kila asubuhi ilipobandikwa ukutani mtu fulani alinuna.

Mpishi akapendekeza kwamba ratiba ipangwe na wao, sisi tuhudhurie tu. Walikaa saa moja, wakatoka na jawabu lililokuwa mbele ya macho yetu siku zote. Ijumaa adhuhuri Wasabato watashika meza na jiko, Waislamu waende msikitini bila haraka. Jumamosi Waislamu na wa Jumapili watafanya kazi. Jumapili asubuhi itakuwa ya Waislamu na Wasabato. Tofauti tulizoziona kuwa mzigo ndizo zilizotupa hoteli iliyo wazi siku saba, na kila mtu akapata siku yake ya ibada na ya mapumziko. Mapumziko hayo, tukumbuke, si hisani. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba.

Mwezi wa Ramadhani wenzetu wasiofunga walituonjea chumvi mchana kutwa. Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa walisimama badala yetu kwa robo saa, tufuturu kwa tende na uji na kusali. Ilipofika Krismasi sisi ndio tuliosimama. Hakuna aliyeamrisha lolote katika hayo. Mtu aliyeachiwa siku yake huona haya kumnyima mwenzake siku yake.

Kosa linapotokea

Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, na hoteli isiyovunja gilasi haina wateja. Suala ni nini kinachofuata baada ya mlio.

Tulinunua daftari la kawaida la shule, tukaliweka jikoni. Kila kilichovunjika, kilichopungua au kilichoharibika kiliandikwa humo: ni kitu gani, saa ngapi, na kwa sababu gani. Jina la mtu halikuandikwa. Baada ya miezi mitatu daftari lilituonyesha kwamba karibu kila gilasi ilivunjika mahali pawili, penye kizingiti na kwenye rafu ya juu ambayo wafupi hawakuifikia. Tukapiga sakafu saruji ya kukwaruza, tukashusha rafu. Kuvunjika kukapungua kuliko tulivyowahi kukupunguza kwa ukali.

Upande wa mshahara, tulikuja kujua kwamba hata sheria haikuwa pamoja nasi. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa uharibifu uliotokana na mfanyakazi kukusudia kosa. Binti aliyeteleza juu ya maji yetu wenyewe hakukusudia kitu. Tulimkata kwa sababu tuliweza kumkata.

Tukaweka na adabu ya kukosoa: hakuna kumkosoa mtu mbele ya mgeni wala mbele ya aliye mdogo wake, na hakuna kukosoa kabla ya kuuliza. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) kwa miaka kumi, naye amesimulia kwamba katika muda wote huo hakusikia kwake hata neno la kuudhika. Sisi hatukuweza kufika siku kumi. Lakini kujua kwamba kipimo kipo kulitutosha kuona aibu pale sauti zilipopanda.

Bakshishi, lugha na heshima

Kuna mambo matatu madogo ambayo huvunja kundi la hoteli upesi kuliko umaskini.

La kwanza ni bakshishi. Kwetu mwanzoni aliyepewa alitia mfukoni. Matokeo yake, wapishi waliokuwa wakiunguzwa na mafuta waliwaonea wivu wahudumu wa mezani, na sahani za mhudumu asiyependwa zilichelewa dirishani. Tukaweka mkebe wenye kufuli, ufunguo ukikaa kwa mtu waliyemchagua wenyewe. Ulifunguliwa kila Jumapili jioni, na fungu la mwosha vyombo na la mlinzi lilikuwa sawa na la mhudumu. Sahani zikaacha kuchelewa.

La pili ni lugha. Jikoni mwetu kulikuwa na Kijaluo, Kikuria na Kiswahili, na kila aliyetaka kumsema mwenzake alikuwa na pa kujificha. Tulikubaliana kwamba penye mtu asiyeelewa, Kiswahili kitumike. Tunakiri kwamba wakosaji wa kwanza tulikuwa sisi, tuliozoea kunong'onezana kwa Kimvita tukidhani hatueleweki. Siku moja kijana mmoja wa Kikuria akatujibu kwa upole, na tukajua kwamba alikuwa akituelewa tangu mwanzo.

La tatu ni heshima ya wanawake, na hili twaomba lisomwe kwa makini. Mteja mmoja alimshika mkono mhudumu wetu na hakuuachia. Zamani tulikuwa tukiwaambia mabinti wavumilie, kwa kuwa mteja huleta pesa. Mpishi alikataa kabisa kurudi katika nyumba yenye desturi hiyo. Kanuni ikawa hivi: binti aondoke mezani papo hapo bila kuomba ruhusa, na mteja yule ahudumiwe na mmoja wetu au na mzee wa zamu, na akirudia aombwe atoke. Tulipoteza wateja wawili au watatu. Sheria, katika kifungu chake cha 6, inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Sisi tulikuwa na watu 11, lakini heshima ya binti haingoji idadi.

Safari ya Homa Bay

Tulifunga hoteli mwaka 2021, tukarudi Mombasa. Lakini shilingi 1,800 zilitufuata. Kila tuliposikia khutba juu ya haki za waja, kwamba toba ya haki ya mtu haitimii mpaka mtu mwenyewe arudishiwe haki yake, tuliangaliana.

Mwezi Julai 2025 tulikwenda Migori kwa harusi ya familia, na hapo tukasikia kwamba binti yule yuko Homa Bay, na kwamba sasa ni mkuu wa zamu katika nyumba moja ya wageni. Tukapanda matatu hadi Rongo, tukabadilisha, tukafika mjini mchana, ziwa likimeta chini ya kilima.

Homa Bay tuliyoikuta ilikuwa na shughuli nyingi. Tarehe 1 Juni mji huo ulikuwa umepokea sherehe za kitaifa za Madaraka, na mwezi Agosti ulitazamiwa kupokea Kongamano la Ugatuzi. Mji uliozoea wavuvi, wafanyabiashara wa omena na wageni wachache waendao kuwatazama korongo wa mbuga ya Ruma ulijikuta ukitakiwa kulaza na kulisha umati. Kwa watu wa nyumba za wageni, siku kama hizo ni mtihani. Godoro jipya hununuliwa kwa siku moja, lakini watu wanaoaminiana hawanunuliki dukani wiki ya sherehe.

Tulimkuta akibadilisha zamu. Watu wapatao wanane walisimama kwenye ukumbi mdogo, wanaotoka na wanaoingia, wakazungumza kwa dakika kumi hivi. Waliulizana nini kimeharibika, nini kimepungua, na mgeni yupi ana haja ya pekee. Mgeni wa chumba fulani ni mgonjwa, apelekewe maji ya moto. Bomba la chumba kingine linavuja. Msafishaji mmoja ana mtoto homa, nani atamshikia vyumba vyake viwili? Mtu akainua mkono. Kisha wakatawanyika. Binti yule, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, alitueleza kwamba siku za Madaraka zilipita salama kwa sababu ya dakika kumi zile. Watu wake, alisema, huuliza kwanza kimetokea nini. Swali la nani alifanya huja baadaye, na mara nyingi halina haja ya kuja.

Tulimpa bahasha na kumwomba msamaha. Alicheka, akakataa, kisha akaipokea kwa mikono miwili. Akatuambia kwamba kiasi cha fedha alikuwa amekisahau zamani. Ambacho hakukisahau ni macho ya wageni waliokuwa wakimtazama akiokota vigae huku akikaripiwa. Hakuna bahasha inayolipa hilo. Tulimwuliza basi tufanye nini. Alifikiri kidogo, akasema tuandike, ili mwenye hoteli mwingine asome kabla gilasi hazijaanguka, na jina lake tusilitaje. Ndiyo sababu ya makala haya.

Siku ya pili ilikuwa Ijumaa, tukasali Kendu Bay, ambako Waislamu wamekuwapo kwa vizazi vingi. Huko ndiko alikozaliwa Hussein Onyango Obama, babu yake Barack Obama aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Inasimuliwa kwamba alisilimu Zanzibar baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwamba kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa upishi katika nyumba za Wazungu. Tulipokuwa tukitoka msikitini tuliwaza kwamba njia baina ya pwani na ziwa ni ya zamani, na kwamba waliopita humo wengi walibeba sufuria za watu wengine. Wajukuu wao hatuwezi kuwajua leo. Yule tunayemkaripia jikoni ni mtoto wa watu na ni mzazi wa watu.

Kwa wazazi na wenye hoteli

Mabinti na vijana wetu wataendelea kwenda kutafuta riziki hotelini, hapa pwani, bara, na ng'ambo. Kabla ya kumfungia mtoto sanduku, tunashauri familia iulize maswali haya, na mwenye hoteli ajiulize mwenyewe:

1. Wafanyakazi hula nini, saa ngapi, na wameketi wapi?
2. Nani hupanga zamu, na je, kuna nafasi ya swala, ya siku ya mapumziko na ya kufuturu?
3. Kitu kikivunjika hutokea nini? Waulizwe waliopo, si meneja peke yake.
4. Bakshishi hugawanywaje?
5. Mgeni akimvunjia binti heshima, binti ana ruhusa ya kuondoka mezani?
6. Je, kazi ina mkataba wa maandishi, likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, na likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo, kama sheria isemavyo?
7. Je, kazi itamlazimisha kuhudumia pombe? Hili liamuliwe kabla ya kuanza, si usiku wa kwanza wa zamu.

Na kwa mama mwenye mgahawa wa meza nne, asidhani kwamba haya ni ya hoteli kubwa. Daftari la shule, mkebe wenye kufuli na dakika 20 za kula pamoja havihitaji mkopo wa benki. Kigumu ni kuishusha sauti siku ambayo meza zote zimejaa na gilasi zimeanguka, kwa kuwa siku hiyo wafanyakazi wako hujua wewe ni nani, na wageni hujua pia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyowafanyia waja wake kwa kujua na kwa kutojua, azitie baraka kazi za mikono ya vijana wetu, na azijaalie nyumba zetu, za kuishi na za biashara, ziwe za salama kwa anayeingia na kwa anayehudumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.